Mbuzi Kwenye Gunia la Mtandaoni

Juma hili nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, anaishi Mbagala Rangi Tatu. Kazi yake siku hizi haitegemei cherehani peke yake. Wateja humtumia picha ya mshono kwa simu, naye huwatumia picha ya nguo iliyokwisha, na fedha huingia kwenye simu hiyo hiyo. Simu yake ya zamani ilipokufa, alikopa shilingi 300,000 kwenye kikoba chao cha akina mama, akaanza kutafuta nyingine. Kariakoo aliambiwa 380,000. Kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni akaiona simu ile ile, jina lile lile na rangi ile ile, kwa shilingi 260,000. Akanipigia: "Kaka, wewe mtu wa habari, hebu niangalizie hawa watu."

Niliwaangalia. Niliona picha nzuri, wafuasi zaidi ya 80,000, na yale maneno tuliyoyazoea: "Mikoani tunatuma." Nikamwambia, nunua tu. Simu ikaletwa jioni na kijana wa bodaboda, ndani ya boksi lenye nailoni yake. Wiki ya tatu ikaanza kujizima, na ile nafasi ya kuhifadhia picha iliyoandikwa kwenye boksi haikuwamo hata robo. Mdogo wangu alipompigia muuzaji, namba haikupatikana. Alipouliza kwenye ukurasa, alizuiwa asiuone tena. Simu ile imo kwenye mtoto wa meza yake hadi leo, lakini marejesho ya kikoba aliyapeleka kila Jumamosi, kwa miezi mitano, kwa ajili ya kitu kisichofanya kazi.

Mimi ndiye niliyesema nunua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza watu wanaouza, watu wanaonunua na watu wanaoleta mizigo, ili nijue ni nini nilichopaswa kukiangalia badala ya ile idadi ya wafuasi. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kwanza tuelewane duka la mtandaoni ni kitu gani hapa kwetu. Katika nchi nyingine mtu akisema amenunua mtandaoni, aghalabu ana maana ya kampuni kubwa yenye maghala, ambayo hupokea fedha na kusimama katikati ya mnunuzi na muuzaji. Bidhaa ikiwa mbovu, kampuni ndiyo inayojibu. Hapa Tanzania kampuni ya Jumia ilifanya biashara ya namna hiyo, ikafunga shughuli zake nchini Novemba 2019. Sehemu kubwa ya biashara ya mtandaoni tunayoifahamu sisi wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju ni ya mtu binafsi mwenye ukurasa wa Instagram au kundi la WhatsApp, na namba ya kupokelea fedha.

Fedha yenyewe hupita kwenye simu. M-Pesa ilianza hapa nchini mwaka 2008, na leo kuna Airtel Money, HaloPesa, na ile iliyokuwa Tigo Pesa ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas. Ni huduma nzuri mno, lakini tukumbuke tabia yake: fedha ukishaituma inaingia moja kwa moja mkononi mwa mtu, naye anaweza kuitoa kwa wakala dakika mbili baadaye. Hakuna anayeishika katikati ikisubiri wewe uridhike. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi wa mtandaoni haliwezi kuwa "bei gani?" Swali la kwanza ni "nani?" Bei ni la pili.

Lakini nisieleweke vibaya. Bei ya chini si dhambi, na anayeuza rahisi si lazima awe tapeli. Mwenye fremu Kariakoo analipa pango, na pengine alitoa kilemba kabla hata hajapewa ufunguo. Ana mlinzi, ana vijana wa kuuza, ana taa. Mwenye ukurasa anayeuzia sebuleni kwake Kijichi hana gharama hizo, na akiagiza mwenyewe kutoka Dubai au Guangzhou, anaweza kabisa kukupunguzia, naye akabaki na faida. Punguzo la namna hiyo ni halali, nasi watu wa pembezoni tunalifurahia kwa sababu linatuokolea pia nauli na siku nzima ya foleni.

Tatizo ni kwamba kuna sababu nyingine za bei kuwa chini, na hizo hazitangazwi. Simu inaweza kuwa imetumika Ulaya miaka miwili, ikabadilishwa kioo na betri, ikawekwa kwenye boksi jipya. Inaweza kuwa bandia, yaani jina la kampuni kubwa limebandikwa juu ya mashine dhaifu iliyofundishwa kudanganya, ikionyesha kwenye kioo kwamba ina nafasi kubwa ambayo haimo. Inaweza kuwa ya wizi. Au inaweza kuwa haipo kabisa, ipo picha tu. Basi ukikuta bei iko chini sana, muulize muuzaji bila haya: "Ndugu yangu, kwa nini wewe unauza rahisi kuliko wenzako?" Muuzaji wa kweli ana jibu, na jibu lake huwa la kawaida tu: sina fremu, au hii imetumika, au hili toleo ni la mwaka juzi. Anayekasirika kwa swali hilo, au anayekujibu kwamba ofa inaisha saa kumi jioni, amekwisha kukujibu.

Katika habari ya simu, Watanzania tulikwisha kupata somo kubwa ambalo naona tumelisahau. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini kote. Wenye simu hizo waliamka asubuhi na vipande vya plastiki mkononi. Wengi wao hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu waliofurahia bei ya chini.

Njia ya kuhakiki iliyotangazwa wakati ule ni hii. Kila simu halali ina namba tambulishi yenye tarakimu 15, nayo huonekana ukibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, yaani *#06#. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili za namna hiyo. Ukiituma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090, unajibiwa ni simu ya kampuni gani na ya aina gani. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Watengenezaji wa bandia huweza kuiba namba ya simu nyingine halali wakaiweka kwenye ya kwao. Kwa hiyo haitoshi kujibiwa kwamba namba ni halali. Soma jina la simu uliyotajiwa. Kama mkononi umeshika simu ya aina moja na jibu linataja nyingine, hiyo si mali ya kulipia. Linganisha pia namba ya kwenye kioo na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Zoezi lote halifiki dakika tano. Mimi na mdogo wangu hatukulifanya.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana watu husema "mimi naangalia bei" kana kwamba bei ni namba moja. Chukua simu ile ya 380,000 yenye dhamana ya mwaka mmoja. Hata kama ingekufa siku ile dhamana ilipokwisha, ingekuwa imemgharimu mwenyewe kiasi cha shilingi 31,700 kwa mwezi. Simu ya 260,000 iliyokaa wiki tatu ilimgharimu 260,000 kwa mwezi usiotimia. Ongeza makato ya kutuma fedha, ongeza pesa ya bodaboda, ongeza wateja waliopiga wasimpate. Ile tofauti ya 120,000 aliyodhani ameiokoa haikuwapo hata siku moja. Bei ya kweli ya kitu ni yote uliyotoa, ukagawanya kwa muda kilichokutumikia.

Na hapo ndipo huduma inapoingia. Sisi tumezoea kudhani huduma ni maneno matamu: "karibu boss", "asante dada". Hayo ni makaribisho tu. Huduma ni kile kinachotokea siku kitu kinapoharibika. Kwa hiyo ipime kabla hujatoa fedha. Piga simu, usiandike tu, kwa sababu anayeficha sauti yake kabla ya kuuza hutampata baada ya kuuza. Muulize mambo matatu. Duka au mahali unapofanyia kazi ni wapi, mtaa gani, nije nione? Dhamana ni ya muda gani, na je, imeandikwa? Ikiharibika, nairudisha wapi na nauli ni ya nani? Mtu wa Tegeta anayeambiwa arudishe simu Kariakoo anajua anachoingia. Mtu anayeambiwa "tutawasiliana" hajui.

Nikiwauliza wanunuzi kwa nini walimwamini muuzaji, wengi walinijibu kama nilivyojibu mimi: ana wafuasi wengi. Wafuasi hununuliwa, ndugu zangu, kama nyanya sokoni. Ukurasa uliokuwa wa vichekesho unaweza kuuzwa leo, ukabadilishwa jina, na kesho ukawa duka la simu lenye wafuasi laki moja. Picha za wateja wanaotabasamu nazo huokotwa kwenye kurasa za wengine. Vitu vya kuangalia ni vingine. Je, ukurasa una picha za miaka iliyopita za biashara hiyo hiyo? Je, watu wanaruhusiwa kuandika maoni, au pamefungwa? Je, bei imeandikwa wazi, au kila mtu anaambiwa aje pembeni atajiwe ya kwake? Muombe muuzaji akupigie picha ya video ya simu yenyewe, akitaja jina lako na tarehe ya leo. Aliyenayo mkononi hatachukua robo saa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kimepata usafiri wa haraka.

Halafu kuna saa ya kulipa. Kanuni bora ni kulipa baada ya kuona. Wauzaji wengi wa Dar es Salaam hukubali mkutane dukani au mahali penye watu, au wakutumie kijana wa bodaboda na ulipe ukishapokea. Hapo fungua boksi yeye akiwapo, washa simu, bonyeza ile *#06#, tuma ule ujumbe. Kijana atasema ana haraka. Mwambie kwa adabu asubiri, na kama ni lazima mwongeze kidogo kwa muda wake. Lakini usimgombeze kwa ubovu wa mzigo; yeye ni mbeba mzigo tu, na mara nyingi hamjui muuzaji kuliko unavyomjua wewe.

Ukilazimika kutanguliza fedha, lipia kwenye lipa namba ya biashara kuliko namba ya mtu, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalojitokeza. Duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa? Simama, uliza. Na ujumbe wowote unaokuambia "ile hela tuma kwenye namba hii" utume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti ulaghai wa simu.

Pana aina ya bidhaa ambayo naomba niitaje peke yake, kwa sababu kosa lake haliishii mfukoni. Ni ile inayoingia mwilini: vidonge vya kupunguza unene, krimu za kubadili ngozi, na hizi sigara za umeme ambazo vijana wa mjini wanaziita vepu, zinazouzwa kwenye kurasa hizo hizo za simu na saa. Marekani, mwaka 2019, watu walianza kujaa hospitalini wakishindwa kupumua. Hadi tarehe 18 Februari 2020 wenye mamlaka ya afya kule walikuwa wamehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, na kati yao 68 walikuwa wamekufa. Wachunguzi waliihusisha sana balaa hiyo na mafuta ya aseteti ya vitamini E, yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya kuvutia, hasa vyenye kilevi cha bangi. Na wengi wa wagonjwa walikuwa wamevipata kwa marafiki na wachuuzi wa pembeni, wakiwamo wa mtandaoni, si kwenye maduka yenye leseni.

Sisemi sigara ya umeme ya dukani ni salama. Nikotini ina uraibu popote itokapo, na majirani zetu wa Uganda walizipiga marufuku sigara hizo kwa sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015. Ninachosema ni kwamba simu bandia unaweza kuitupa kwenye mtoto wa meza, lakini mapafu huna pa kuyaweka. Kwa kitu cha kumeza, kupaka au kuvuta, ambacho hujui kimetoka wapi na kimechanganywa na nini, hakuna bei ya kupatana. Kiache.

Je, aliyekwisha kuuziwa kitu kibovu ana pa kwenda? Anapo, ingawa wengi hawajui. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ni ya zamani, lakini msingi wake unafaa hata leo: kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo, na mnunuzi ana haki ya kupata nafasi ya kukikagua. Picha na maneno ya kwenye ukurasa ni maelezo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji katika biashara, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo iliyopewa kazi ya kumlinda. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa mtandao amweleze mnunuzi yeye ni nani na anapatikana wapi. Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji anwani yake, humfanyii ujeuri. Unamuuliza jambo ambalo sheria ilikwisha kumuagiza alitoe.

Lakini sheria haitembei bila ushahidi. Mdogo wangu alipotaka kulalamika, alikuwa na nini? Ujumbe wa fedha alikuwa ameufuta ili kupata nafasi ya picha. Risiti hakupewa na hakuidai. Ukurasa ulikwisha kumzuia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi piga picha ya tangazo kabla hujanunua, tunza mazungumzo yenu, usifute ujumbe wa malipo, na dai risiti ya mashine ya EFD. Risiti hiyo watu hudhani ni ya serikali peke yake, kumbe ni ya mnunuzi kwanza, kwa maana ina jina la mfanyabiashara na namba yake ya mlipa kodi. Mtu aliyekupa hiyo risiti hawezi kuamka kesho akasema hakujui. Na ukitapeliwa, usikae wiki ukiona aibu. Piga simu kwa mtandao wako wa fedha saa hiyo hiyo, halafu nenda kituo cha polisi. Fedha iliyokwisha kutolewa kwa wakala hairudi kwa urahisi, lakini iliyobaki kwenye akaunti inaweza kuzuiwa.

Nimalizie kwa kuwatendea haki wauzaji waaminifu, maana wapo, na wao ndio wanaoumizwa zaidi na matapeli hawa. Kila mama anayeuziwa mbuzi kwenye gunia ni mteja mmoja aliyeapa kutonunua tena mtandaoni. Kijana wa Yombo anayeuza kwa haki bila fremu anakosa soko kwa dhambi ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo tunapouliza maswali haya, hatuwakomoi. Tunawasaidia watofautishwe na wenzao.

Mdogo wangu alinunua simu nyingine mwezi uliopita, kwa shilingi 350,000, kwa muuzaji wa mtandaoni mwenye kaduka kadogo Mtaa wa Aggrey. Haikuwa ya bei ya chini kuliko zote alizoziona. Alimchagua, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu alimpigia mara tatu siku tatu tofauti na mara zote akapokea. Safari hii hakuniuliza mimi kitu. Alinipigia baadaye tu, kwa simu mpya, akaniambia namba tambulishi ya kwenye kioo na ya kwenye boksi ni moja, na risiti ameiweka ndani ya Msahafu isipotee.